Vikopo viwili vya makohozi: kimoja nakipokea, kingine nakirudisha

Kila anayenihoji kuhusu kupima kifua kikuu huanza na mashine. Ina moduli ngapi, yaani inapima sampuli ngapi kwa mpigo? Majibu yanatoka baada ya muda gani? Umeme ukikatika inakuwaje? Ni maswali ya haki kabisa. Lakini nimekaa miaka tisa kwenye dirisha la kupokelea makohozi katika kituo kidogo cha afya, na sijasikia hata mtu mmoja akiuliza kuhusu kikopo. Leo nakiandikia kikopo. Ndicho kifaa cha kwanza kufika mkononi mwa mgonjwa, na kazi ikiharibikia hapo, hakuna mashine ya kuitengeneza huko mbele.

Nimetumia aina mbili. Ya kwanza ni kikopo cheupe kisichoonyesha ndani, plastiki laini ambayo ukiiminya inabonyea, kifuniko unakikandamiza kwa dole gumba mpaka kilie "tap". Ya pili ni kikopo kigumu kinachoangaza kama glasi, mdomo mpana, kifuniko cha kuzungusha. Watengenezaji siwataji. Vikopo vya namna hii hutengenezwa na watu wengi, na maboksi mengine hufika hata jina hayana. Ninachotathmini ni umbo lenyewe, kwa sababu umbo ndilo unaloweza kuliandika kwenye oda na kulidai.

Nianze na jaribio la maji. Shehena mpya ikifika natoa vikopo kumi bila kuchagua. Natia tone la methilini bluu kwenye maji (tunayo, ndiyo tunayotilia rangi slaidi, vile vioo vya darubini), najaza kila kikopo nusu, nafunga kama mgonjwa anavyofunga, yaani bila kutumia nguvu za mtu aliyezoea, kisha navigeuza kichwa chini juu ya karatasi nyeupe na kuviacha mpaka asubuhi. Mara ya kwanza kufanya hivyo, vikopo vinne vya kubana vilikuwa vimeacha duara la buluu kwenye karatasi. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimemwaga maji yote, kifuniko kimelala pembeni. Vya kuzungusha havikuacha hata doa. Nimelirudia jaribio hili kwa kila shehena tangu hapo, na vya kuzungusha vimeniangusha mara moja tu: vifuniko vilikuja bila ile pete ya plastiki laini ya ndani inayoziba. Shehena hiyo niliirudisha yote.

Sasa weka makohozi mahali pa yale maji. Sampuli za zahanati za pembezoni hutufikia kwa pikipiki, Jumanne na Alhamisi, ndani ya kasha lenye barafu. Njia ni ya mawe na makorongo. Kuna Alhamisi moja nilifungua kasha, harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Nikalifunga tena, nikasogea, nikasubiri, nikavaa glavu mpya, nikarudi na dawa ya klorini. Kilikuwa kikopo kimoja tu cha kubana kilichoachia. Lakini fomu yake ilikuwa imezungushiwa kikopo na kufungwa kwa mpira, kwa hiyo ilikuwa imelowa chapachapa. Niliweza kusoma "umri 34" na "kikohozi wiki 3". Jina lilikuwa limegeuka wingu la wino. Fomu mbili za jirani nazo zililowa, ila hizo niliweza kuzisoma.

Kwenye daftari sampuli hiyo inachukua neno moja: imekataliwa. Mwenye makohozi hayo ana miaka 34, anakohoa, na huko aliko anasubiri kupigiwa simu. Tuliwapigia wenzetu wa zahanati, wakapekua daftari lao, wakapata watu wawili wa umri huo waliopimwa siku ile. Wote wawili wakaitwa upya. Mmoja alikuja baada ya siku mbili. Wa pili simu yake haikupatikana, akaja baada ya wiki nne, ameshikwa mkono na dada yake kwa sababu hakuweza tena kutembea peke yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na waliogunduliwa na kuandikwa ni milioni 8.2. Watu husoma pengo hilo wakafikiria maeneo yasiyo na maabara. Mimi nikilisoma huiona ile fomu iliyolowa, kwa sababu wale wawili maabara walikuwa nayo.

Kuna wanaodhani kikopo kilikuwa na maana enzi za darubini, na kwamba sasa mashine za molekuli, zinazotafuta vinasaba vya bakteria, zimekuja kazi yake imepungua. Ukweli ni kwamba imeongezeka, na hapa ndipo naomba wanaoagiza vifaa wanisikilize.

Kwa darubini, tulifungua kikopo, tukachota kohozi kwa kijiti, tukapaka kwenye slaidi, tukafunga. Ulihitaji bakteria 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ndipo uwe na matumaini ya kuwaona. GeneXpert, mashine ya molekuli ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, ilishusha kiwango hicho hadi karibu 130, na katriji (kile kikasha kinachotiwa sampuli na kuingizwa ndani ya mashine) ya Ultra iliyofuata mwaka 2017 inawanasa hata wakiwa 16 hivi. Naipenda sana kazi ya mashine hii. Imenionyesha wagonjwa ambao macho yangu yalikuwa yamewapitia mara mbili kwenye darubini, nikiwa nimetazama sehemu mia moja za slaidi kama inavyotakiwa.

Lakini angalia jinsi sampuli inavyoandaliwa. Unachukua dawa ya kuyeyushia, unamimina kwenye makohozi kiasi mara mbili ya makohozi yenyewe, unafunga, halafu unatikisa kwa nguvu mara 10 hadi 20. Unaacha dakika 15, na katikati yake unatikisa tena. Makohozi yakishakuwa majimaji kabisa, ndipo unavuta mililita 2 kwa pipeti na kutia kwenye katriji. Kutikisa huko kunafanyika ndani ya kikopo kilekile alichotemea mgonjwa. Je, utatikisa makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu ndani ya kikopo ambacho kifuniko chake kimeng'ang'ania kwa mbano tu? Mimi sitikisi. Kikija cha kubana inabidi nihamishie makohozi kwenye chombo kingine, na kila kuhamisha ni nafasi mpya ya kumwaga, ya kuchanganya majina, na ya kubakiza ukutani mwa kikopo lile kohozi zito ambalo ndilo lenyewe hasa. Halafu kuna nafasi ya ndani. Mgonjwa akileta mililita 4, dawa ni 8, jumla 12, na lazima pabaki hewa ya kutosha ili kutikisa kuwe kutikisa. Vikopo vidogo vya kubana havina nafasi hiyo.

Mdomo wa kikopo pia una hesabu yake. Miongozo ya maabara inataka upana usiopungua milimita 35. Nilidhani ni urembo wa vitabuni mpaka nilipomtazama bibi mmoja anayetetemeka mikono akijaribu kulenga mdomo wa milimita 25. Nusu ya kohozi ilienda nje, kwenye ubavu na vidoleni mwake. Alinitazama kwa aibu kubwa, akaanza kufuta kwa kanga yake. Nilimzuia, nikamnawisha, nikampa kingine. Hakuweza tena kukohoa siku hiyo.

Tuje kwenye maandishi. Andika ubavuni mwa kikopo, usiandike kwenye kifuniko. Kila anayeanza kazi na mimi humwambia hivyo siku ya kwanza, na namweleza sababu. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na mazoea ya kuandika juu ya kifuniko, kwa sababu vikopo vya kubana vilikuwa na ubavu unaoteleza na wino haukushika. Siku moja nilifungua viwili kwa pamoja, vifuniko nikaviweka mezani, simu ikaita, niliporudi sikuwa na uhakika kipi ni cha nani. Ningeweza kubahatisha. Nilikaa pale nikivitazama kwa muda mrefu, kisha nikavitupa vyote viwili na kuandika kwenye daftari kwamba kosa ni langu. Watu wawili walirudia safari kwa ajili ya simu moja. Tangu hapo nafungua kimoja, nakimaliza, nakifunga, ndipo nagusa cha pili. Na kikopo ambacho ubavu wake haupokei wino wala lebo, kwangu kimeshindwa mtihani kabla hata ya jaribio la maji.

Hapa hata kikopo ninachokisifu kina dosari. Lebo zinashika vizuri kikiwa kikavu, lakini kikitoka kwenye barafu kinatoa jasho na lebo zinaanza kujikunja. Tunaandika namba kwa kalamu ya wino usiofutika moja kwa moja kwenye plastiki, na lebo tunaibandika juu yake kama nyongeza. Dosari nyingine ni nyuzi za kifuniko: kohozi likigusa ukingo na kukaukia hapo, kifuniko hung'ang'ania au hukaa upande, ukadhani kimefunga kumbe hakijafunga. Nawafundisha wagonjwa kukipanga kifuniko sawa kwanza, kukirudisha nyuma kidogo mpaka wasikie kimeingia, ndipo wakaze. Na kwa wanaobeba: havipangiki kimoja ndani ya kingine kama vile vya kubana, kwa hiyo boksi lenye ukubwa uleule linabeba vichache. Anayepanga ghala ana haki ya kulalamika.

Kuna jambo la uangavu ambalo lilinichukua muda kulielewa. Mimi nataka kikopo kionyeshe ndani. Nikikiinua kwenye mwanga bila kukifungua najua kama nimeletewa mate, povu jeupe, au kohozi la kweli, na najua kama linafika ile mililita 1 ambayo mashine haiwezi kufanya kazi chini yake. Kwa mgonjwa uangavu huohuo ni mateso. Anatembea na makohozi yake mkononi kila mtu akiyaona, na jirani akishaona kikopo kile ameshajua ni kipimo gani. Mama mmoja aliniambia waziwazi kwamba cha jana alikitupa njiani, kwa sababu alikutana na mashemeji zake. Sikuwa na la kumlaumu. Tulianza kutoa kila kikopo ndani ya bahasha ya kaki, ambayo haionyeshi wala haina maandishi, na tukamruhusu mtu akohoe palepale kituoni badala ya kubeba kutoka nyumbani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeagiza: kikopo kionyeshe ndani kama maji, na bahasha ziagizwe kwa idadi ileile.

Sasa jambo ambalo halimo ndani ya boksi lolote. Kikopo bila maelezo ni nusu ya kikopo. Kuna utafiti uliofanyika Rawalpindi, Pakistani, ukachapishwa mwaka 2007, ambao ningependa ubandikwe kwenye kila dirisha la kupokelea makohozi. Waliwagawa wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu katika makundi mawili. Kundi moja lilielezwa kwa dakika chache namna ya kutoa kohozi zuri, lingine lilipewa kikopo kama kawaida. Kwa wanawake, waliogundulika kwa darubini walikuwa 13 katika kila 100 upande wa walioelezwa, na 8 katika kila 100 upande wa wasioelezwa. Maabara ileile, darubini ileile. Kwa wanaume maelezo hayakuleta tofauti ya namna hiyo. Nami nimeona kwa macho yangu: wanawake wengi hukohoa kwa adabu, mkono mdomoni, kichwa kimeinama, na kinachoingia kwenye kikopo ni mate.

Wazee nao vilevile. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, kikopo akakirudisha baada ya nusu dakika.

"Nimeshatema, binti yangu."

Nikakiinua kwenye mwanga. Maji matupu, na mapovu juu.

"Haya ni mate, baba. Ninachotaka ni kile kinachokuamsha usiku."

Akacheka kidogo, akasema hicho kiko mbali. Nikatoka naye nyuma ya jengo, mahali pa wazi penye jua, nikasimama upepo ukitokea mgongoni kwangu. Chooni hatumpeleki mtu, maana hewa aliyokoholea hubaki ndani ya kile chumba kidogo, na atakayeingia baada yake ataivuta. Alisukutua kinywa kwa maji. Akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaitoa. Akavuta tena. Ya tatu akakohoa kutoka tumboni, mara mbili, mara tatu, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na akasogeza kikopo mdomoni. Kilichoingia kilikuwa cha manjano inayoelekea kijani, kizito, na uzi mmoja wa damu mwembamba kama wa buibui. Kilishuka taratibu sana kwenye ubavu wa kikopo, kikatulia chini. Tulikitazama wote wawili. Akasema, "Kumbe ndiyo hii."

Nilikitikisa, nikakipa dakika zake 15, nikakiingiza. Dakika 80 hivi baadaye skrini ilisema bakteria wa kifua kikuu wamegundulika, kiasi kidogo, na dalili za usugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, hazikuonekana. Alianza dawa siku ileile, kwa sababu nilimwomba asiondoke na akakubali kukaa kwenye benchi. Kiasi kidogo, nasisitiza. Kwa kiasi hicho sidhani yale mate ya mwanzo yangetuambia chochote.

Kwa wale ambao kohozi haliwezi kupatikana, kikopo hiki kizuri hakitoshi, na sitaki mtu asome tathmini hii akadhani nasema kila mtu akohoe zaidi. Watoto wadogo humeza makohozi yao. Kwao siku hizi kinyesi kinapimwa kwa katriji ileile ya Ultra, na kikopo cha kuzungusha chenye mdomo mpana kinafaa kukipokea. Kwa mtu anayeishi na VVU aliyedhoofu sana kuna kipimo cha mkojo cha kijiti, kinachotoa jibu baada ya dakika 25 bila umeme, na kinaokoa watu ambao wangefariki wakiwa wanasubiri kukohoa. Nikimwona mgonjwa wa aina hiyo simng'ang'anizi kikopo.

Safari nayo ina masharti. Makohozi yakifungwa vizuri na kukingwa na jua yanaweza kuvumilia siku tatu kwenye joto hadi nyuzi 35 kabla ya kupimwa kwa katriji, na kwenye jokofu yanaongezewa siku nyingine. Hilo lilinipa utulivu nilipolisoma, kwa sababu pikipiki ya Alhamisi huharibika. Lakini "yakifungwa vizuri" ndiyo yanayobeba kila kitu hapo, na tunarudi kwenye kifuniko.

Kama ningekuwa na mtengenezaji mbele yangu, ningemwomba mistari miwili tu ichorwe ubavuni: mmoja kwenye mililita 1, mwingine kwenye mililita 3. Vipo vikopo vya mkojo vyenye mistari, ila huanzia juu mno kwa kazi yetu. Mistari hiyo miwili ingemwezesha mhudumu wa afya wa kijijini kusema "bado kidogo, mama" wakati mgonjwa bado yuko mbele yake, badala ya mimi kusema "hayatoshi" siku mbili baadaye, kwenye simu.

Nyota? Cha kubana nakipa moja, na hiyo ni kwa sababu ni chepesi kuhifadhi. Hakifai kifua kikuu. Wakitumie kugawia vidonge. Cha kuzungusha nakipa nne. Ya tano naiweka mpaka nione ile mistari.

Oda ya robo ijayo inafungwa Ijumaa. Safari iliyopita tuliandika "vikopo vya makohozi" tu, tukaletewa vya kubana kwa sababu ndivyo vya bei nafuu na hakuna aliyekuwa amekosea. Safari hii nimeandika mwenyewe: plastiki ngumu, inayoonyesha ndani, mdomo usiopungua milimita 35, kifuniko cha kuzungusha chenye pete ya kuziba, ubavu unaopokea wino, na bahasha za kaki, idadi sawa na vikopo. Nimeambatanisha ile karatasi nyeupe yenye maduara manne ya buluu.